Nilivyowasingizia mbuzi kwa sababu ya ua la kitunguu pori

Mbuzi wa jirani yangu wananidai radhi.

Novemba, miaka minne iliyopita, tulikuwa tunachimba msingi wa banda la kuku huku pembezoni mwa Jiji la Dodoma. Sururu ikapasua kitu kama kitunguu maji kilichovimba kupita kiasi, kipana kuliko kiganja changu, kimevikwa maganda ya kahawia yanayochanika kama karatasi kuukuu. Pembeni yake vilikuwepo viwili vizima. Fundi akasema, “Mwalimu, hivyo ni vitunguu pori, haviliwi,” akataka kuvitupa. Nikaviweka kando.

Kimoja nilikiua kwa mapenzi. Nilikizika chote kwenye ndoo iliyojaa samadi, nikakimwagilia kila jioni kama mchicha, kikaoza. Cha pili kilikosa ndoo, basi nikakifukia karibu na ukuta, kwenye udongo uleule mwekundu wa kichanga, shingo ikabaki nje, nikakisahau. Hicho ndicho kilichopona. Huku kwetu mvua huanza Desemba na kuisha Aprili. Mmea wa hapa utayajulia wapi maji ya Julai?

Mvua zilipofika yakatoka majani mazito yaliyopinda kama mundu, karibu yote yamekatika ncha. Butu kabisa, mfano wa jani lililopitiwa na meno. Nikamwendea jirani. “Shikamoo mzee. Mbuzi wako wananimalizia ua langu.” Akaitikia, akasema mbuzi wake hawajatoka zizini tangu juzi. Sikumwamini. Nikazungushia miiba. Wiki ileile, ndani ya miiba, likachomoza jani jingine, nalo lishakatika tayari!

Nikapiga picha, nikamtumia rafiki yangu aliyesomea mimea. Hakujibu swali langu, aliniagiza tu nichukue kalamu ya wino, nichore vistari kwenye jani moja, sentimita moja moja, nisubiri wiki. Baada ya wiki vistari vilikuwa vimesogea mbali na ardhi, lakini nafasi kati yake ileile. Chini yake palikuwa na kipande kipya kisicho na alama hata moja. Kumbe jani hukua kutoka chini. Kiangazi kikija, sehemu ya juu hukauka na kudondoka, ya chini ikabaki hai ndani ya kitunguu. Mvua zikirudi, huendelea palepale lilipoishia na kulisukuma juu kovu la mwaka jana. Majani ya katikati kabisa, yaliyozaliwa msimu huo, ncha zake zilikuwa nzima. Hapo ndipo nilipoona haya. Mbuzi gani huacha jani laini akala gumu?

Ila kovu peke yake halikutosha kunipa jina. Mimea kadhaa ya jenasi (yaani kundi la mimea ya ukoo wa karibu) iitwayo Crinum, ambayo ni ndugu yake, nayo huwa na ncha za namna hiyo. Rafiki yangu akaniambia nitazame mkao wa majani. Ya Crinum kwa kawaida hutoka yakizunguka pande zote. Yangu yalijigawa mafungu mawili, kushoto na kulia, kama feni mbili zilizolazwa chini. Akasema jina analo, lakini hatalitamka mpaka aone ua.

Tukangoja hadi msimu wa tatu. Katikati, Februari moja, alikuja mlaji wa kweli: viwavi weusi wenye madoa meupe, wanaotoboa majani na kushuka hadi kwenye kitunguu. Nikawaokota kwa mkono na kuwatumbukiza kwenye maji ya sabuni. Mikono nilinawa vizuri, kwa kuwa kitunguu hiki na ndugu zake wana sumu. Watoto nao niliwakanya.

Desemba bua likatoka ubavuni, na juu yake maua 17 ya waridi hafifu, kila moja kwenye mrija mwembamba mrefu kama kidole, petali zimejikunja nyuma. Jioni yalinukia hadi barazani. Rafiki akatamka: Ammocharis tinneana, kwa heshima ya Alexine Tinne, Mholanzi aliyesafiri maeneo ya Nile miaka ya 1860. Wataalamu walipoueleza kwa mara ya kwanza, mwaka 1867, waliuita Crinum. Nilifarijika kidogo: hata wao walianza kwa kuuweka kwa ndugu zake.

Mbegu ni nene, zenye unyevu, hazina ganda gumu. Nyingine nilizitia kwenye bahasha kama mbegu za mahindi, nikazikuta zimesinyaa. Zile nilizosahau kwenye sahani dirishani zilitoa mizizi bila tone la maji, nikazilaza juu ya mchanga.

Miche mitatu nimempelekea mzee kama fidia. Kabla hata ya kunishukuru, alianza kuizungushia miiba.