Majani Yaliyochemka Kwenye Kiroba

Aprili 1997 nilikuwa darasa la sita, niko likizo kwa bibi. Alikuwa na nusu ekari ya chai kwenye mteremko chini ya Mlima Rungwe. Huko Tukuyu, mkoani Mbeya, mwezi huo mvua hainyeshi, inakaa. Chai inapenda hivyo, inachipua kuwazidi wachumaji.

Bibi alinifundisha: majani mawili na kichipukizi, vunja kwa ncha za vidole, jani gumu liache. Yeye alirusha nyuma kwenye tenga bila kutazama. Mimi nilitazama kila mara, ndiyo maana alinishinda vibaya.

Siku hiyo tenga langu lilijaa saa tano. Kwa akili zangu nikamimina majani kwenye kiroba cha sandarusi, nikashindilia kwa goti, nikafunga, nikakikalia. Lori la kiwanda, lililotakiwa saa nane, lilikwama kwenye tope likafika jua linazama.

Karani wa mzani alitia mkono kwenye kiroba akauchomoa upesi. "Humu umepika makande?" Alitoa konzi moja: majani mekundu kama kutu, yana harufu ya ndizi zilizopitiliza. Ya bibi yakapimwa. Yangu, kilo 11, yakamwagwa kando ya barabara. Bibi akamwambia karani "Ndaga," asante ya Kinyakyusa, utadhani kapewa zawadi.

Ukubwani ndipo nilijua kuwa wekundu ule kiwandani wanautafuta. Majani wanayanyausha kwanza, wanayasaga, yanakutana na hewa na kubadilika rangi, kisha moto unayakausha kabla hayajapitiliza. Mimi nilianzia katikati, tena kwa makalio.

Bibi hakunikaripia. Aliokota makonzi mawili, akayasugua viganjani mpaka yakatoa maji, akayaanika kwenye ungo juu ya mafiga. Kichekesho ni kwamba chai ya kunywa tulinunua dukani, ya pakiti, kama watu wa mjini.

Siku ya tatu akachemsha. Tulikula kwanza ndizi na mboga, tukangoja kama saa nzima, kwa sababu nesi alimwambia ana upungufu wa damu, na chai ikiandamana na chakula inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Kabla ya hapo alikuwa akishushia kila tonge kwa chai ya rangi.

Ilikuwa chungu, inanuka moshi. Bibi alimaliza kikombe, akanisogezea kopo la sukari.

"Kesho," akasema, "tenga likae kivulini. Na wewe ukae chini."