Simulesheni ya maji yanayochemka: mimi naangalia chini ya kiputo

Wadau, hizi simulesheni za maji yanayochemka (yaani kuiga uchemkaji kwa kompyuta) nazipenda sana ila naona wengi tunazipima vibaya, yaani mtu anaona video viputo vinapanda vizuri, rangi zimekaa poa, basi anasema imekubali. Mimi naanza kuangalia chini kabisa, pale kiputo kinapogusana na chuma cha moto, maana pale ndo joto linapopita.

Iko hivi. Kilo 1 ya maji yenye nyuzi 100 inahitaji kama kilojuli 2257 ili yote igeuke mvuke, na ikishageuka inajaa nafasi kama mara 1600 ya mwanzo kwa presha ya kawaida. Kwa hiyo kompyuta lazima ijue kila wakati mpaka wa maji na mvuke umefika wapi. Hiyo kazi ina njia zake za siku nyingi, watafiti Hirt na Nichols 1981 waligawa nafasi kwa gridi ya vijichumba vidogo, wakahesabu kila kijichumba kina maji kiasi gani, Osher na Sethian wakaja na yao 1988 ya kuufuata mpaka wenyewe kwa fomula. Zina usumbufu, mfano ile mikondo ya uongo inayozuka pembeni ya kiputo wakati maji yametulia tuli, ila unaweza kuipunguza.

Ngoma yenyewe iko chini. Kiputo kikianza kufumuka kwa kasi kutoka kwenye kishimo cha chuma kinaacha chini yake utando wa maji wa maikromita chache tu, unywele wa mtu unauzidi unene mara kumi na zaidi, na huo utando unakauka fasta sana huku unavuta joto jingi kutoka kwenye chuma. Sasa piga hesabu, kiputo cha milimita 3, vijichumba vya maikromita 1 kila upande, hapo una vijichumba bilioni 27 kwa kiboksi cha kiputo kimoja tu!! Ndo maana Son na Dhir wa Marekani mwaka 1999 hawakulazimisha gridi moja, kale kaeneo kadogo kwenye ukingo wa kiputo walikapa milinganyo yake pembeni halafu wakaiunganisha na eneo kubwa. Mimi naona walikuwa sahihi kabisa.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye simulesheni ni hili, pale chini umeweka nini? Unene wa utando umetoka wapi, pembe ambayo maji yanagusana na chuma ni ngapi, vishimo vya kuzalisha viputo umevipanga wewe mwenyewe? Kama vyote umevipanga wewe basi na jibu la joto kwa sehemu kubwa umelipanga wewe.

Na hili si la kwenye makaratasi tu. Nukiyama kule Japani 1934 alipasha waya ndani ya maji akaonesha kuna kikomo cha joto linaloweza kupita kutoka waya kwenda majini, ukikivuka mvuke unafunika waya na nyuzi joto za waya zinaruka juu ghafla, na kwa maji ya presha ya kawaida kikomo ni kama megawati 1 kwa mita ya mraba. Kwenye boila au fito za mafuta ya nyuklia kuruka huko ni chuma kuungua. Simulesheni inayobahatisha pale chini itakwambiaje kikomo kiko wapi?

Siku hizi kuna kamera za infraredi zinazopiga joto la uso wenyewe chini ya kiputo, kwa kasi kubwa. Linganisha na hizo kwanza, halafu punguza ukubwa wa vijichumba vya gridi kwa nusu urudie, jibu likihama bado kazi ipo.