Kaye yangu ya identite za trigonometria: fasi nimefika

Kwa mwenye hakufwata tangu mwanzo: nilijipa kazi ya kudemontre (kuhakikisha kwa hatua) identite zote, ni kusema usawa wenye uko wa kweli kwa kila pembe x, za kaye ya mudogo wangu, yenye iko mu section ya mathe-fizike hapa Bukavu, bila kuangalia majibu. Nusu ni juu nimusaidie, nusu ni juu hizi vitu zinanivuta miye mwenyewe, nilisoma pedagogie na trigonometria tuliipita mbio sana. Nafanya mangaribi nikiisha kufunga kibanda kule Kadutu, biki na kaye ya karo, basi.

Kitu yenye ilinishika kwanza ni tofauti ya kuona na kudemontre. Egzetat, mtihani ya serikali ya kumaliza sekondari, iko ya kuchagua jibu moja kati ya tano, kwa hiyo batoto bamezoea kuondoa x na kutia 30°, banapiga hesabu, jibu yenye inaingia njo banaweka alama. Kwa Egzetat inasaidia, siikatai. Lakini angalia hii: sin 2x = 2 sin x. Tia 0°, pande zote mbili zinatoa 0. Tia 180°, tena 0 na 0. Mutoto anaweza kusema sawa, iko ya kweli. Sasa tia 30°: kushoto unapata √3/2, kuume unapata 1, imeanguka. Njo kusema nambari moja inatosha kuangusha identite, lakini hata nambari elfu hazitoshi kuisimamisha, juu identite inasema "kwa kila x", na hizo x haziishake.

Hata hivyo 30° siiachi. Kila mara kabla sijaanza naijaribu kwanza, juu mu fotokopi zenye zinatembea hapa mjini zile ²  ndogo za juu zinafutika, sin²x inabaki sin x, na unaweza kukaa usiku muzima unatafuta kudemontre kitu yenye haiko ya kweli. 0° na 45° siziamini: ku 0° mambo mingi inakufa, ku 45° sin na cos ziko sawa kwa hiyo hata formile yenye imezigeuza inapita bila shida.

Kisha ikakuya ile shida ya upande. Baprof bote banasema "shika upande moja, uubadilishe mpaka ufanane na mwingine", na batoto banaona ni sheria ya bure tu, juu mu ekwasio za kawaida tunahamisha vitu huku na kule na hakuna mutu anauliza. Nilitaka kujua sababu yake, na mufano yenye ilinifungua macho ni hii: sin x = √(1 − cos²x). Pandisha pande zote mbili mu kare, unapata sin²x = 1 − cos²x, yenye iko ya kweli kila fasi. Inaonekana umemaliza. Lakini tia 270°: sin ni −1, na ile mizizi inatoa 1. Kwa hiyo ulianza na uongo, ukatembea vizuri, ukafika ku ukweli! Ukianza na kile kitu yenye unatafuta, ukamaliza na 1 = 1, haujademontre kitu bado, isipokuwa kama kila hatua yako inaweza kurudi nyuma, na kare hairudi. Ukikaa upande moja hiyo hatari haiko. Hii naona ingefaa iandikwe ku tablo siku ya kwanza, mbele ya formile yoyote.

Upande gani sasa? Ule wenye uko nguvu zaidi, wenye vitu mingi, juu kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza. Na ukikosa njia geuza vyote sin na cos: tg x + cotg x inakuwa (sin²x + cos²x)/(sin x cos x), ni kusema 1/(sin x cos x), imeisha. (tg ni tanjenti, sin x/cos x, na cotg ni kinyume chake, cos x/sin x. Naandika tg sawa mu shule zetu, video mingi zinaandika tan, ni kitu kimoja.) Za namna hiyo nilizipita haraka.

Yenye nilipenda sana ni (1 − sin x)/cos x = cos x/(1 + sin x). Kugeuza sin na cos haisaidii, iko tayari. Njia ni konjuge, ile 1 − sin x yenye alama ya katikati imegeuzwa: unazidisha juu na chini na 1 + sin x, juu inakuwa 1 − sin²x, yaani cos²x, cos moja inaondoka na ya chini, na unabaki na cos x/(1 + sin x) kabisa. Mistari mitatu! Lakini usisahau kuandika cos x ≠ 0, juu ku 90° kuume inatoa 0 vizuri wakati kushoto haina maana hata kidogo, na mudogo wangu aliniambia prof wao anakata pointi hapo, naona ana haki.

Ile ya sin⁶x + cos⁶x = 1 − 3 sin²x cos²x inatishaka kwa macho tu. Ita sin²x a, ita cos²x b, basi a + b = 1, na a³ + b³ = (a + b)³ − 3ab(a + b), ambayo ni 1 − 3ab. Trigonometria iko mu mustari moja tu, yenye imebaki ni aljebra. Tangu hapo nimeanza kuona kama identite mingi ni aljebra yenye imevaa nguo, na mutoto mwenye hajui kufaktoriza vizuri atateseka hapa hata kama amekariri formile zote, kwa hiyo miye na mudogo wangu tumerudi kwanza ku a² − b² na ndugu zake.

Nilisoma pia zinatoka wapi. Ptolemy, kule Alexandria mu karne ya 2, alitengeneza jedwali ya kordi za duara (mistari zenye zinaunganisha pointi mbili za duara), kila nusu digri, juu ya hesabu za nyota, na kupata kordi ya tofauti ya pembe mbili alitumia kitu yenye leo tunaandika sin(a − b). Abu al-Wafa al-Buzjani naye, kule Baghdad mu karne ya 10, alifanya kazi kubwa ku tanjenti na ku majedwali ya sinisi. Hawa batu hawakuwa na mashini ya hesabu. Identite moja ilikuwa inabapatia nambari mpya kutoka mu zile za zamani, ilikuwa chombo cha kazi. Nilipomwambia mudogo hivyo alikaa kimya kidogo, kisha akaomba tufanye tena sin(a + b).

Na fasi nimefika sasa ni pembetatu. Kama A + B + C = 180°, tg A + tg B + tg C = tg A · tg B · tg C, bila pembe ya 90°. Unaanza na A + B = 180° − C, kwa hiyo tg(A + B) = −tg C. Kushoto unatia formile: (tg A + tg B)/(1 − tg A tg B). Unazidisha: tg A + tg B = −tg C + tg A tg B tg C. Hamisha −tg C, imetoka. Hapa kuhamisha ni halali, juu tulianza na kitu yenye tunajua, ile 180°, hatukuanza na yenye tunatafuta. Tena kuko pembetatu moja yenye tanjenti zake ni 1, 2 na 3, na 1 + 2 + 3 = 6 = 1 × 2 × 3. Nilimuonyesha mudogo, tukaichora ku kaye ya karo kwa rula: urefu 3, chini vipande viwili, 3 na 1,5, pembe ya tanjenti 1 na pembe ya tanjenti 2 ziko pale, na ya juu yenyewe inabaki ya tanjenti 3.

Yenye inafwata: cos A + cos B + cos C = 1 + 4 sin(A/2) sin(B/2) sin(C/2). Ku 60° tatu inapita, 3/2 na 3/2, na ku 90°, 60°, 30° inapita pia. Nimeshageuza cos A + cos B kuwa 2 sin(C/2) cos((A − B)/2), na cos C kuwa 1 − 2 sin²(C/2), ile 1 imeshaonekana. Kesho nafaktoriza sin(C/2).