Vidole vya mama wa kitanda cha dirishani

Nilikuwa intani wodi ya upasuaji, hospitali moja ya mkoa. Mama mmoja alikuwa katolewa goita, operesheni imeenda fresh kabisa, kidonda kikavu, sauti ipo. Usiku wa pili akaniita, "Dokta mwanangu, midomo inanicheza, na vidole kama vinatembewa na sisimizi."

Nikamfunga mashine ya presha. Nilipotaka kuachia hewa, sista wa zamu, mtu mzima yule, akanizuia. "Usiachie kwanza Dokta, angalia mkono." Dakika tatu hazikufika, kiganja kikajikunja, vidole vikanyooka vimebanana na dole gumba likaingia katikati. Ishara ya Trousseau, ile ya mkono kukakamaa ukibanwa na mashine ya presha, live.

"Kalsiamu imeshuka hiyo," akasema huku keshaanza kutafuta dawa.

Hapo ndo nikachanganyikiwa maana darasani tulikariri kalsiamu ndo inakaza msuli, sasa ikipungua si ungelegea? Kumbe ile ni ya ndani ya seli. Ya nje inakaa juu ya utando wa neva na kufunika chaji hasi zilizopo pale, basi chaneli za sodiamu, yaani vimilango vinavyowasha neva, zinahisi tofauti ya umeme ni kubwa zinabaki zimefungwa, sasa ikipungua zile chaji zinabaki uchi na chaneli inadanganyika kwamba voltiji imeshapanda wakati ukipima bado ni milivolti -70 ile ile ya neva iliyotulia. Watafiti Frankenhaeuser na Hodgkin walipima hili kwa neva ya ngisi mwaka 1957: punguza kalsiamu mara tano, ni kama umepandisha voltiji kwa milivolti 10 mpaka 15. Na neva inafyatuka ikifika -55 hivi, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe imebaki nafasi gani kabla haijafyatuka yenyewe na kukaza msuli.

Tukampa kalsiamu glukoneti ya 10%, mililita 10 kwenye mshipa, mimi nasukuma polepole kama dakika 10 na sista kashika mapigo, maana moyo nao una chaneli zake na ukiharakisha unaweza ukausimamisha. Kabla bomba halijaisha vidole vikaanza kuachia.

"Joto limenipanda mpaka masikioni," mama akalalamika. "Si mngenipa maziwa tu?"

Sista akacheka. "Maziwa mama yanataka vile vitezi vidogo vya nyuma ya goita ndo utumbo uyafyonze vizuri, na vya kwako vimeguswa kwenye operesheni, bado vimezubaa." Asubuhi akaanzishiwa vidonge vya kalsiamu na vitamini D, na maziwa akaletewa na binti yake vilevile.