Nilivyofanikiwa kuliona wimbi pekee ndani ya waya

Umeme tuli na mkondo nilivisoma kama vitu viwili visivyojuana, chaji iliyokaa sura hii, chaji inayotembea sura nyingine, afu mawimbi yako huko mwisho wa kitabu. Vyote vitatu vimekuja kunikutania kwenye mstari wa koili 50 (waya uliozungushwa) na dayodi 50 (kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu) niliouunga kwa solda mwenyewe.

Hamu niliipata kwa John Scott Russell. Mwaka 1834 huko Uskoti alikuwa anaangalia mashua inavutwa na farasi kwenye mfereji, mashua ikasimama ghafla lakini maji hayakusimama, ikajikusanya nundu moja ya maji ikaondoka zake mbele bila kubadilika umbo, jamaa akapanda farasi akaifuata maili 1 au 2 mpaka akaipoteza kwenye kona za mfereji. Nundu moja tu, hakuna nyingine nyuma yake. Leo aina hiyo ya wimbi inaitwa solitoni, na nikasikia kwenye umeme inawezekana pia.

Mstari wenyewe ni hivi: koili, dayodi kwenda chini kwenye waya wa ardhi, koili, dayodi kwenda chini, mpaka mwisho. Zile ni dayodi za varikapu, unazipa volti kinyumenyume ili zisipitishe umeme, zinakaa kama kapasita, yaani kidude cha kutunza chaji. Na hapa ndo siri ilipo, manake volti ikipanda uwezo wa dayodi kubeba chaji unapungua, kwa hiyo kilele cha wimbi kinakimbia kuliko miguu yake. Kilele kinataka kuipita miguu, mstari nao unataka kulitawanya wimbi, na nguvu hizi mbili zikilingana wimbi linatulia na umbo lake. Kabla ya hapo nilijaribu na kapasita za kawaida, mpigo, yaani volti inayopanda na kushuka mara moja, uliingia mwembamba ukatoka umepanuka na vimkia vinachezacheza nyuma.

Na dayodi siku ya kwanza hakikutoka kitu. Nimeshika kidude cha osiloskopu, kifaa kinachochora volti kwenye skrini, napima kituo kimoja baada ya kingine, yaani pale kila dayodi inapoungwa, cha 14 mpigo upo, cha 15 upo, cha 16 umezimika kabisa, kumbe dayodi ya pale nimeigeuza inapitisha kila kitu chini. Nikaigeuza. Kesho yake transista ya kutoa mpigo ikafa, na hii iliniuma kwa sababu sikuona hata cheche. Nilikuwa nimevaa sweta la sufu, nimenyanyuka kwenye kiti nikaigusa mguu wa geti, ule unaoiwasha na kuizima, basi. Cheche ambayo kidole kinaisikia ni volti elfu kadhaa, geti la transista ile halivumilii hata 100, yaani unaiua na mwili wako haujasikia chochote. Tangu siku hiyo nafunga mkanda wa mkononi ulioungwa na ardhi kabla sijagusa kitu, na kwa kweli hapo ndo nilianza kuiheshimu chaji iliyotulia.

Kuliangalia wimbi likipita kulinifungua zaidi. Chaji inakaa kidogo kwenye dayodi, hapo ni kama umeme tuli, afu inaondoka kupitia koili, hapo ni mkondo, na kinachosafiri mstari mzima ni huko kupokezana. Elektroni zenyewe kusogea mbele kwenye waya hazifikishi hata milimita 1 kwa sekunde, lakini wimbi langu lilipita vituo vyote 50 ndani ya maikrosekunde kama 12.

Usiku ambao sitausahau niliingiza mpigo mpana, mwisho wa mstari zikatoka nundu tatu, ndefu imetangulia, ya kati inafuata, fupi nyuma. Nikafanya jaribio jingine, nikatuma nundu ndogo kwanza afu kubwa nyuma yake. Kituo cha 10 ndogo iko mbele. Cha 25 zimepandana, na urefu wake haukuwa jumla ya zote mbili, ulikuwa chini ya hapo, nilipima mara nne. Kituo cha 45 kubwa imeshapita, ndogo inakuja nyuma, zimefupika kidogo tu kwa sababu koili zina ukinzani, ila kila moja na umbo lake lile lile.