Kijana aliyemaliza mkaa wa mama yake

Niliamka saa 10:30 alfajiri, nikachemsha chai, nikawaacha watoto wamelala, na saa 12 nilikuwa nimesimama kwenye daladala kutoka Mbagala. Ni mwaka wangu wa tisa nikiwa nesi wa mapokezi ya dharura hapa Dar es Salaam. Saa 1:30 tukapokezana zamu.

Saa 3 aliletwa binti wa chuo, anatetemeka, anasema anakufa. Mapigo ya moyo 134 kwa dakika, macho mekundu, mdomo umekauka hadi ulimi unanata. Rafiki yake akaninong'oneza: walikula keki yenye bangi. Alikula kipande, akaona kimya, akaongeza kingine. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Moshi hufika ubongoni ndani ya dakika chache, lakini bangi ya kula hupita kwanza tumboni na kwenye ini, ikachukua nusu saa hata saa mbili kuanza kazi, na ikianza hukaa muda mrefu. Nilimlaza mahali pasipo kelele, nikamshika mkono. Mchana alikuwa ametulia, anaulizia chakula.

Saa 4 akaja aliyeimeza siku yangu nzima. Fundi pikipiki, miaka 22, amejikunja anatapika nyongo. Mama yake amebeba ndoo na mfuko wa vyeti: malaria mara mbili, taifodi, vidonda vya tumbo, mpaka kipimo cha kamera alichokilipia kwa mkopo wa kikoba. Hakikuonyesha kitu. Miezi minne ya kuhangaika. Mjomba wake akawa juu yangu: "Nesi, mtundikie dripu tuondoke!" Nikamtundikia. Sindano ya kuzuia kutapika haikufua dafu, akanitapikia gauni. Mjomba akazidi kufoka kwamba nawachelewesha, na mimi nina wagonjwa wengine 11 wananiita, mmoja ana pumu imembana, mwingine dripu imetoka damu imetapakaa shukani. Nilirudi kwa kijana mara tatu bila kupata nafasi ya kuketi.

Ndipo mama akalalamika, "Na mkaa wangu anaumaliza, nesi. Anaoga maji ya moto mara tano, sita kwa siku, na joto hili!"

Nikasimama palepale. Mwaka 2004 madaktari wa Australia walieleza ugonjwa huu: wavutaji bangi wa muda mrefu, wanaotapika kwa vipindi na kupata nafuu wakiwa kwenye maji ya moto. Nikawatuma mama na mjomba dirisha la dawa.

"Mdogo wangu, mimi si polisi. Unavuta?"

Akakataa. Nikamweleza habari ya maji. Akaanza kulia. Anavuta tangu ana miaka 15, sasa misokoto minne kwa siku, na kila akitapika anaongeza, kwa kuwa aliambiwa bangi hukata kichefuchefu. Hukata kweli, kwa wengi. Lakini kwa baadhi ya wanaovuta kila siku kwa miaka, mambo hugeuka. Hofu ya kukamatwa ndiyo iliyomziba mdomo hospitali zote alizopita, na potasiamu yake ilikuwa imeshuka kiasi cha kuuhatarisha moyo.

Daktari akaongeza maji na potasiamu, akampa kipimo kidogo cha dawa tunayoijua zaidi wodi ya akili. Sikumbuki saa, jua lilikuwa linazama alipoacha kutapika na kuniruhusu nimwite mama yake.

"Kwa hiyo mwanangu ni teja?"

Neno hilo liliniuma. Nikamwambia hapana mama, mwanao ni mgonjwa, na dawa yake ni kuacha kabisa. Majuma mawili ya mwanzo atakosa usingizi na atakuwa na hasira. Usimpige. Na bangi hujificha kwenye mafuta ya mwili, kwa hiyo mkojo wa aliyevuta sana unaweza kuionyesha hata baada ya mwezi. Mjomba asije akamwita mwongo kwa hilo.

Miguu ilikuwa imevimba viatuni nilipopita kuaga. Kijana alikuwa amelala, kafunikwa khanga ya mama yake, na ndoo chini ya kitanda ilikuwa kavu.