Kofia ya Ami Kule Tuileries

Mfungo Sita umeingia na nyumba nzima inanuka wanga. Kofia za Maulidi zimefuliwa, zimevikwa kwenye makopo ya maziwa zikauke, na binti yangu ameinyanyua moja: "Baba, ndiyo hii uliyokwenda nayo kwa Wafaransa?"

Ndiyo hiyo. Nilimfuata dada Paris mwisho wa Septemba, msimu ambao maonyesho ya mavazi, yakishapita New York, London na Milan, humalizikia kwao. Nilidhani ni kama sherehe zetu za uwanja wa Mkunguni, Lamu: unafika, unatafuta kivuli, unatazama. Kumbe kuingia ni kwa mwaliko. Sisi wengine tukasimama nje ya bustani ya Tuileries, nyuma ya vyuma, manyunyu yakitulowesha, tukiwatazama watu waendao kutazama nguo. Nao wamevaa ili watazamwe! Bibi mmoja alishuka garini na koti pana kama tanga la jahazi. Wapigapicha wakamkimbilia, akavuka barabara, akarudi, akavuka tena.

Mara kijana mmoja wa kamera akanigeukia. Nilivaa koti la shemeji, mikono imenipita, lakini kichwani nina kofia yangu ya vito, ile ya kushonwa matobo matobo. Akasogea hadi nikasikia harufu ya kahawa mdomoni mwake. Uso wangu hakuwa na haja nao. Alikuwa akiyatazama matobo. Kila tobo limezungushiwa uzi kwa sindano, dogo hata ncha ya kalamu haipiti, safu juu ya safu mpaka utosini. Akapiga picha, kisha akauliza: kazi ya nani? Pale hilo huulizwa kabla ya jina lako. Nikamjibu: ya ami yangu, Langoni, Lamu. Akanipa karatasi niandike. Nikaandika jina la ami, la baba yake na la babu yake, karatasi ikajaa.

Yaliyofuata ni makumbusho, treni, na dada kununua manukato. Picha yenyewe sijaiona mpaka leo. Binti yangu keshaitafuta kwenye simu akachoka.

Niliporudi nilimkuta ami barazani na kofia nyingine mapajani, kazi ya miezi, nikampa habari nikidhani atachangamka. Wanunuzi wake wa miaka yote hawajawahi kumwuliza anaitwa nani. Akanisikiliza huku akitia uzi sindanoni.

"Jina wameandika," akasema. "Na bei hawakuuliza?"

Hawakuuliza.

"Basi walikuwa wapita njia," akasema, akaniambia nihame mbele yake, namzibia mwangaza.